Ng'ombe aliyenona kupita kiasi huzaa na ini lililozidiwa

WAFUGAJI wengi wa maziwa huona fahari ng'ombe mwenye mimba akinona hadi mbavu zisionekane. Mnunuzi naye humlipia bei kubwa zaidi. Lakini unene huo ndio unaoweza kumlaza chini wiki chache baada ya kuzaa.

Akishazaa, maziwa hupanda haraka kuliko hamu yake ya kula, hivyo mwili huyeyusha akiba ya mafuta. Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo lazima yabebwe. Protini iitwayo albumini huyafikisha kwenye ini. Huko, mfumo unaotumia karnitini huyaingiza katika mitokondria, yaani jiko la chembe hai, yaunguzwe kutoa nguvu.

Yanayobaki ini huyafungasha yarudi kwenye damu. Protini moja huyahamisha, na nyingine, apolipoprotini B, ndiyo kiroba cha kuyafungia. Hapa ng'ombe ana udhaifu wa kuzaliwa: ini lake hufungasha polepole mno, hata panya humshinda. Ni kama ghala linalopokea magari kumi ya mahindi kwa siku na kutoa moja.

Mzigo ukirundikana, ng'ombe hukataa pumba huku akiendelea kutafuna majani. Hukonda upesi, maziwa hushuka, na pumzi yake huweza kutoa harufu tamu ya ketoni. Si kila pua huisikia, hivyo usiisubiri; mwite mtaalamu wa mifugo mapema.

Wataalamu hupima unene kwa alama 1 hadi 5, na hushauri ng'ombe azae akiwa kati ya 3 na 3.5. Marekebisho yafanyike angali anakamuliwa. Kumnyima chakula ghafla akishakaushwa ni kosa kubwa, kwani mafuta yataanza kuyeyuka hata kabla ya ndama kutoka. Kirutubisho cha kolini husaidia ini kufungasha, ila kiwe kile kilichofunikwa kwa utando maalumu. Cha kawaida huharibiwa na vijidudu vya tumboni, na fedha yako imekwenda.

Kwa anayenunua ng'ombe mwenye mimba, uliza tarehe aliyopandishwa, kisha papasa mbavu na shina la mkia. Ukikuta mafuta yamejaa pande zote mbili za mkia, bei ianze kushuka hapo.