Ukikwama Kutunga, Ingia Ngitilini

Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea takriban kilomita 800, na njia nzima aliimba. Nyimbo nyingine alizikuta, nyingine zilitungwa hapo hapo njiani, juu ya njaa, juu ya kiongozi wa msafara, juu ya waliobaki nyumbani. Mwaka 2010 mtafiti wa muziki Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye zaidi ya nyimbo 300 za kazi kutoka Usukuma na magharibi ya Tanzania. Humo mna nyimbo za wakulima, na pia za wapagazi, za wawindaji wa tembo, za wawindaji wa nungu na za wacheza nyoka, watu ambao riziki yao ilikuwa porini, na kule walikwenda kwa miguu.

Je, pori na mwendo viliwasaidia kutunga? Na manju wa leo wa Choma cha Nkola, wilayani Igunga, au mwalimu wa sekondari anayekuna kichwa juu ya tamthiliya ya wanafunzi wake, anaweza kupata msaada huo huo? Sayansi ina majibu, ingawa si yote yanayokwenda upande mmoja.

Tuanze na uchovu. Kuandika, kupiga hesabu, kusahihisha madaftari: kazi hizi zinadai umakini wa kujilazimisha. Ubongo unashikilia jambo moja na kuyasukuma mengine pembeni, na umakini wa namna hiyo huchoka kama msuli. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1989 kwamba mazingira ya asili huupumzisha, kwa kuwa huvuta macho na masikio taratibu bila kudai jibu. Bodaboda inayopiga honi mnadani inakulazimisha ukwepe. Pori halikulazimishi kitu. Simama chini ya mti wa mtundu mwezi Septemba, mvua ingali mbali. Jani changa limechipua laini, limekunjamana, lina rangi ya shaba, na baada ya wiki chache litakuwa kijani. Juu ya tawi umening'inia mzinga wa gome, nyuki wanaingia na kutoka. Unaweza kutazama hayo kwa nusu saa na usichoke.

Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake wa chuo hicho hicho waliwatuma watu watembee kwa karibu saa moja, mara moja kwenye bustani ya miti na mara nyingine katikati ya mji. Kabla na baada ya matembezi waliwasomea tarakimu na kuwataka wazirudie kinyumenyume. Waliotoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi. Jambo ninalolipenda katika utafiti huo ni kwamba hata waliotembea Januari, kwenye baridi kali isiyowapendeza kabisa, walipata faida ile ile. Kwa hiyo si raha tu ya matembezi iliyofanya kazi.

Lakini kurudia tarakimu si kutunga. Ndiyo maana utafiti wa Ruth Ann Atchley, David Strayer na Paul Atchley, uliochapishwa mwaka 2012, unagusa zaidi suala letu. Waliwapima watu 56 waliojiandikisha kwa safari za siku kadhaa nyikani, bila simu wala kifaa chochote cha umeme. Kipimo chenyewe hutoa maneno matatu, nawe unatafuta la nne linaloyaunganisha. Kwa Kiswahili tungeweza kusema: nyuki, vita, pombe. Jibu ni mzinga. Katika maswali 10, watu 24 waliopimwa kabla ya kuondoka walipata wastani wa majibu manne. Wengine 32, waliopimwa asubuhi ya siku ya nne, walipata sita. Ni ongezeko la karibu asilimia 50.

Watafiti hao wenyewe walikiri kwamba hawawezi kusema ni miti iliyofanya kazi au ni kukosekana kwa simu. Kwa mkazi wa Choma swali hilo lina uzito, maana simu sasa inaingia mpaka machungani. Mimi naona mtu anayekwenda porini huku anasoma ujumbe wa kikundi amepeleka miguu tu.

Na miguu nayo ina hesabu yake. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwauliza watu matumizi mapya ya vitu vya kawaida, kwa mfano kifungo cha shati. Waliokuwa wakitembea walitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi kuliko walivyofanya wakiwa wamekaa. Faida ilionekana hata kwa waliotembea ndani, juu ya mashine, wakitazama ukuta mtupu. Ila maswali yenye jibu moja tu hayakupata nafuu hiyo, bali matokeo yalishuka kidogo. Wimbo utungie njiani, lakini hesabu za chama cha ushirika kaa chini uzifanye mezani.

Ukiyaweka pamoja, mpagazi wa Unyanyembe alikuwa na vyote: mwendo, pori, na saa nyingi bila kitu cha kumkatiza. Alikuwa pia na ujuzi wa kuimba aliokulia nao, na hili tusilisahau. Pori halimpi wazo mtu asiyelihangaikia. Fanya kazi kwanza mpaka ukwame, kisha nenda. Kuhusu muda wa kukaa huko, utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba watu wanaokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki huripoti afya njema zaidi, ziwe ni kwa mkupuo au kwa vipande. Jioni nne za nusu saa zinatosha.

Usiende kichwa mchunga, hata hivyo. Misitu ya miombo ya Tabora ina mbung'o, na mbung'o hueneza malale. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa nguo nzito ya mikono mirefu, yenye rangi ya kaki. Homa na maumivu ya kichwa yakikushika siku za baadaye, nenda kituo cha afya na umwambie mganga kwamba ulikuwa porini.

Linaloniuma ni kwamba pori lenyewe linasogea mbali. Miombo inakatwa kwa mkaa, na kuni zake zinakausha tumbaku. Lakini Wasukuma na Wanyamwezi wana ngitili, eneo ambalo kaya au kijiji hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipone, kisha hulifungua kiangazi kwa ajili ya mifugo. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, ngitili za mkoa huo jirani zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na kazi kubwa ilifanywa na wanavijiji wenyewe kupitia sheria zao za jadi.

Kwa hiyo mtunzi wa Choma si lazima asafiri kwenda hifadhi ya taifa. Ngitili, hata hivyo, ina mwenyewe. Pita kwanza nyumbani kwake, msalimie, mwombe ruhusa. Atakuonyesha njia ya ng'ombe, na atakuambia pia nyoka alionekana wapi.