Saratani za taya na koo: Mitishamba iliyoko hospitalini

MIONGONI mwa maswali yanayorudiwa mara kwa mara baada ya darsa katika misikiti yetu ya hapa Bariadi, moja linahusu mitishamba. Muulizaji kwa kawaida ana mgonjwa nyumbani: mzee mwenye kidonda kisichopona mdomoni, au mtoto aliyevimba taya. Anachotaka kujua ni kama kweli saratani za kichwa na shingo zinatibika kwa mimea, maana amesikia kwamba hata Wazungu sasa wanaichunguza manjano na habbat sauda. Jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ikiachwa fupi humchelewesha mgonjwa, kwa hiyo inahitaji maelezo.

Tuanze na ua ambalo wengi wetu tunalo mlangoni bila kulijua jina. Ni mmea mfupi wenye majani yanayong'aa na maua ya petali tano, ya waridi au meupe, na huvumilia jua kali pale ambapo maua mengine yamekwisha kunyauka. Asili yake ni Madagaska, na wataalamu huuita Catharanthus roseus. Huko Jamaika wenyeji walikuwa wakichemsha majani yake na kunywa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa kwa bahasha hadi Kanada, yakamfikia mtafiti Robert Noble. Aliwapa panya. Sukari haikushuka hata kidogo, lakini chembechembe nyeupe za damu zilipungua sana. Noble na mwenzake Charles Beer wakaelewa kwamba kitu chenye uwezo wa kuzuia chembechembe hizo huenda kikazuia saratani ya damu. Mwaka 1958 walikuwa wamekwisha kukitenga kiini kinachoitwa vinblastini, na baadaye katika mmea uleule kikapatikana kiini cha pili, vinkristini, ambacho kiliidhinishwa kutibu watu nchini Marekani mwaka 1963.

Wazee wa Jamaika, basi, waliutambua mmea wenye nguvu, ila ugonjwa waliokuwa wakiutibia haukuwa wenyewe. Jambo hili tulishike, tutalihitaji mbele.

Wakati hayo yakitokea, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alikuwa akiwaona watoto waliovimba mataya, meno yakilegea, jicho likisukumwa nje. Alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1958, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili kutoka Uganda, wakapita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wapo. Ramani aliyoichora ilionyesha ukanda wenye joto na mvua, ambao kwa sehemu kubwa ni ule wenye malaria. Kanda ya Ziwa imo ndani ya ukanda huo, nasi wa Simiyu tumo. Kwa usahihi wa kitabibu, ugonjwa wa Burkitt ni saratani ya mfumo wa limfu, si ya ngozi ya ndani ya kinywa kama ile ya watu wazima. Lakini mzazi anachokiona ni taya la mwanawe, kwa hiyo hapa naziweka pamoja.

Mwaka 1966 Burkitt alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wake kwa vinkristini. Hadi leo dawa hiyo ni mojawapo ya nguzo za matibabu ya ugonjwa huo, ikichanganywa na nyingine. Uvimbe huu hukua kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ajabu ni kwamba kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Seli inapojigawa hutandaza nyuzi nyembamba za kuvutia vinasaba vyake upande huu na upande ule. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, na seli inayojigawa bila kupumzika ndiyo inayokufa kwanza. Mtoto aliyefikishwa mapema anaweza kupona kabisa, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Hapa ndipo swali la sufuria linapoingia. Ikiwa dawa ni ya ua la mlangoni, kwa nini tusichemshe? Kwa sababu mamia ya kilo za majani makavu hutoa kiini kisichozidi gramu moja, na ndani ya majani hayo mna viini vingine vingi vyenye kazi nyingine. Hakuna mama anayeweza kujua kikombe chake kina kiasi gani cha kipi. Dozi ya vinkristini hupimwa kwa miligramu, kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto, na kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Huingizwa kwenye mshipa wa damu peke yake. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, huua. Hii ni sumu iliyofugwa, na ufugaji wake ndio uliochukua miaka.

Kwa watu wazima wenye saratani ya kinywa, koo au zoloto, ipo dawa nyingine ya mmea: dosetakseli. Hutengenezwa kwa kuanzia na kiini kilichomo katika majani ya mti wa Ulaya unaofanana na msonobari, mti ambao ng'ombe akiula hufa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2006 itumike pamoja na dawa nyingine mbili kwa saratani ya kichwa na shingo iliyokua kiasi cha kutofaa kufanyiwa upasuaji. Kazi yake ni kinyume cha vinkristini: huzigandisha nyuzi zilezile zisiweze kufumuka, na seli hukwama katikati ya kujigawa.

Nasi Afrika Mashariki tumechangia, ingawa historia hii haitajwi sana. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilivuna zaidi ya tani 27 za mmea wa Maytenus katika milima ya Shimba, pwani ya Kenya, nchi ya Wadigo, ambao inaelezwa kuwa walikuwa wakiutumia kwa uvimbe tangu zamani. Kiini chake, maitansini, kiliua seli za saratani vizuri sana maabara. Kwa wagonjwa kikashindwa, kwani kiliwadhuru wao kabla ya kuumaliza ugonjwa. Ilibidi kisubiri hadi mwaka 2013, dawa ilipoidhinishwa ambamo kizazi cha kiini hicho kimefungwa kwenye kingamwili inayokipeleka hadi kwenye seli ya saratani. Na hiyo ni ya saratani ya matiti, si ya koo. Kama Wadigo walipata chochote katika safari hiyo, sijakisoma popote.

Nirudi kwenye manjano na habbat sauda. Kiini cha manjano, kurkumini, kimefanyiwa utafiti wa kweli: mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo vidonge vya kutafuna, wakaona katika mate yao dalili za kemikali za uvimbe zikipungua. Hawakusema saratani imepona. Kurkumini ikimezwa, sehemu kubwa haiingii kwenye damu. Kiini cha habbat sauda, thaimokwinoni, nacho kimeua seli za saratani ndani ya vyombo vya maabara, na hapo ndipo ushahidi ulipofikia kwa ugonjwa huu. Kumbuka maitansini pia ilifanya hivyo.

Najua atakayesema: na hadithi je? Hadithi ya habbat sauda ni sahihi, ipo katika Bukhari na Muslim, na hakuna Muislamu anayeikataa. Lakini wanazuoni waliishereheshaje? Al-Khattabi alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na kilichokusudiwa ni maalumu, kwa sababu hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia za dawa zote. Tena yapo mapokezi katika Sunan ya Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, ili amtayarishie dawa ya tende saba za ajwa. Tende zenyewe zilikuwepo Madina, kila nyumba inazijua. Hata hivyo alipelekwa kwa tabibu. Na katika Sunan hiyohiyo imo hukumu kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara. Wauzaji wa chupa mnadani waisome.

Mwaka 2011 tulishuhudia foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha shilingi 500 cha mizizi ya mugariga, wakiwemo wenye saratani. Sina haja ya kulirefusha; wapo kati yetu walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kikombe kile.

Jambo moja zaidi kuhusu mimea, na hili halipendwi barazani. Tumbaku ni mmea. Popoo ni mmea. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo, kuberi wanayonunua vijana, na tambuu ya harusini vyote ni mitishamba kwa maana hiyo, na tumbaku ndicho chanzo kikubwa kinachojulikana cha saratani ya kinywa na koo. Popoo hata bila tumbaku imetajwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Muislamu asiyegusa pombe asidhani amesalimika.

Kwa hiyo angalieni: kidonda au baka jeupe au jekundu mdomoni lisilopona kwa wiki tatu, sauti iliyokwaruza bila mafua, tezi ya shingo isiyouma inayoendelea kukua, kumeza kwa shida. Kwa mtoto, meno yanayolegea kabla ya wakati au taya lililovimba si la kusubiri wiki, apelekwe leo. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi itaandika rufaa, na Bugando, Mwanza, wanakata kinyama na kukipima, na tiba za dripu na mionzi zipo. Anayekunywa mitishamba asimfiche daktari, kwani baadhi yake huumiza ini na kuvuruga dawa.

Nauli ya kupitia Lamadi isiwe kikwazo. Katika msikiti wetu sehemu ya sadaka ya Ijumaa imetengwa kwa ajili hiyo. Mwenye mgonjwa aje baada ya sala ya Alasiri akiwa na karatasi ya rufaa, na akifika Bugando aulize ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kuanza kuuza ng'ombe.