Miaka ya Ulezi Isifichwe Katika Wasifu wa Mtafiti

Huenda nyumbani mwako yupo mtu anayekusudia kuomba kazi ya uhadhiri au ya utafiti, naye ameandaa wasifu wa kurasa mbili kama ule uliompatia kazi ya ofisini. Mshauri aongeze karatasi. Jina la Kilatini la hati hiyo, curriculum vitae, lina maana ya mwendo wa maisha, na vyuo vikuu huutaka mwendo huo kwa ukamilifu: shahada na mada za tasnifu, masomo aliyofundisha, ruzuku alizopata, wanafunzi aliowasimamia na maandishi yake.

Hayo maandishi ndiyo yanayochunguzwa kuliko yote. Makala yaliyokwisha kuchapishwa yasichanganywe na yaliyokubaliwa lakini hayajatoka, sembuse yale ambayo mhariri bado hajayatolea uamuzi. Kila kundi lipewe kichwa chake. Majina ya waandishi yafuate mpangilio ule ule uliochapwa; aliyekuwa wa tatu abaki wa tatu. Wajumbe wa kamati huyatafuta makala hayo wenyewe, na uongo mmoja ukigunduliwa huitia shaka hati nzima. Mwenye majina yanayofanana na ya wengine (na akina Juma Ali ni wengi!) ajipatie namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo hutolewa bila malipo tangu mwaka 2012.

Lakini kwa maoni yangu, lililo zito zaidi ni lile linalowahusu akina mama. Mwanamke aliyepata shahada ya uzamivu, kisha akajifungua mara mbili, aghalabu huwa na miaka isiyo na makala. Wengi huipita kimya, na kamati ikabaki kukisia kwamba labda alishindwa au aliichoka taaluma. Aandike mstari mmoja tu: likizo ya uzazi na ulezi, tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani. Asiombe radhi, wala asieleze habari za ndoa yake. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa mfano, limekuwa likimwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto linapohesabu miaka tangu alipohitimu uzamivu. Anayeficha ulezi wake hujinyima haki hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Majina ya wadhamini huwekwa mwishoni. Waombwe idhini mapema, tena wapelekewe nakala ya wasifu huo, ili barua zao zisipishane nao.