Mwani wa kijani: juu ya nini unageuka mwekundu?

Wasomi wenzangu, siku hizi poda za mwani zinauzwa kama dawa ya kila ugonjwa, na vijana wengine wanafikiria kuanza mradi wa kuzitengeneza. Mbele ya kutia franka mu hiyo kazi, tuelewe kwanza kile kinapita ndani ya seli.

Tuchukue Haematococcus pluvialis, mwani wa seli moja wa maji yasiyo na chumvi. Azoti ikiwa ya kutosha na jua si kali, unabaki kijani, unaogelea na kugawanyika. Lakini jua likizidi na azoti ikiisha, mwanga ule seli haiwezi kutumia unazalisha oksijeni mbaya yenye kuharibu mafuta, protini na ADN. Hapo seli inaacha kuogelea, inajenga ukuta mnene na kutengeneza rangi nyekundu, astaksantini, yenye kuzima hiyo oksijeni. Njo kazi ya antioksidanti. Astaksantini ni ndugu ya betakaroteni, ile inafanya mawese yetu yakuwe mekundu.

Viwanda vinafuata njia hiyo hiyo: kwanza wanalisha mwani uongezeke, kisha wanautesa kwa jua na njaa. Astaksantini yake inatiwa mu vidonge na vipodozi. Salmoni wa kufuga pia wanalishwa astaksantini ili nyama ipate rangi, lakini nyingi ya hiyo inatengenezwa kwa kemia, juu bei yake ni chini. Huko Australia wanalima Dunaliella salina mu maji ya chumvi kali. Betakaroteni yake inaweza kufika 10% ya uzito mkavu.

Kwa hiyo, maji ya kijani mu kisima cha samaki bado si mali. Tena ule utando wa kijani unaweza kuwa sianobakteria. Zingine zinatoa mikrosistini, sumu ya maini, na kuchemsha hakuiondoi. Hata spirulina ni sianobakteria, si mwani wa kijani. Mwenye kutaka mradi aanze na mbegu safi, maji safi, mikroskopi na vipimo vya laboratwari.

Na tusichanganye mambo: kulinda seli ya mwani si sawa na kuponyesha mgonjwa. Mtu akikuletea poda, muulize: ni aina gani, ililimwa wapi, nani aliipima? Akikosa jibu, chunga franka zako.