Viazi viwili vilivyokataa kuoana

Mvua ikizidi hapa Luhwindja, majani ya viazi vya kizungu yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Ni mildiu. Wiki chache tu, shamba limekwisha, na mbegu ya msimu ujao pia.

Mexico kuna kiazi cha porini kisichoogopa ugonjwa huo, ila hakizaani na kiazi chetu hata ukichanganya maua yao. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, wakapita njia nyingine. Walichukua seli, vile vijumba vidogo sana vinavyojenga mmea, wakayeyusha kuta zake, wakaunganisha mbili mpaka zikawa moja. Seli hiyo ikaota mche mzima! (Wanafunzi wangu walicheka.) Mwaka 1998 walitangaza kwamba miche hiyo ilishinda mildiu.

Tangu 2015, huko Kachwekano karibu na Kabale, Uganda, wamejaribu kiazi Victoria kilichotiwa jeni tatu za porini, mbili za kile cha Mexico. Kilisimama bila dawa.

Kwetu hakijafika. Mbegu yangu ya msimu huu nimeitoa upande wa shamba ambao haukuguswa, na majani yaliyoungua nimeyafukia mbali.