Bastola Iliyopitia Mikono Mingi na Habari za Kifyatulio Chake

Pale Bwizibwera, katika barabara itokayo Mbarara kwenda Ibanda, tulipumzika kwa kikombe cha chai ya maziwa. Kando yetu walikuwa wameketi koplo mmoja wa polisi na mzee mmoja, sajini mstaafu aliyekuwa fundi wa silaha kwa miaka mingi. Walizungumza Kiswahili, lugha iliyozoeleka katika kambi za Uganda tangu enzi ya King's African Rifles. Koplo alikuwa na dukuduku. Alikuwa amekabidhiwa bastola kuukuu ya milimita 9, Browning aina ya Hi-Power, na kila akivuta kifyatulio, kile ambacho wengi huita triga, alihisi kama kwamba mchanga unasagika ndani.

"Afande, nimepata fundi mjini. Anasema atakiondoa kipande kinachokwaruza, na triga italainika kama samli."

Mzee aliweka kikombe chini. "Usimpe," akasema.

Tumeona vyema kuwaeleza ndugu zetu askari sababu ya jibu hilo fupi. Bastola hiyo ilianzwa kubuniwa na John Browning, aliyefariki mwaka 1926, ikakamilishwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, na kutolewa mwaka 1935. Majeshi mengi yaliichukua. Uingereza ilianza kuibadilisha mwaka 2013 tu. Ndiyo maana nyingi zilizopo leo zina umri mkubwa kuliko watu wanaozifunga kiunoni.

Wafaransa, ambao mahitaji yao ndiyo yaliyoianzisha kazi ile, walitaka bastola isiyoweza kufyatuka magazini ikiwa imetolewa. Basi ndani ya kifyatulio kikawekwa kipini kidogo chenye springi. Magazini ikiingizwa, uso wake wa mbele hukisukuma kipini, na kifyatulio huungana na mtambo unaoiachilia nyundo. Magazini ikitoka, muungano hukatika, na uvute utakavyo, nyundo haianguki. Lakini kila uvutapo, ncha ya kipini husugua uso wa magazini. Ukiwa na kutu, makovu au vumbi lililogandamana na mafuta ya zamani, kidole huhisi mikwaruzo. Huo ndio mchanga wa koplo wetu, na aghalabu haumo ndani ya bastola kabisa.

Uchunguzi wake ni mwepesi, ila ufanyike mbele ya fundi wa silaha, mtutu ukielekezwa mahali pa salama. Kwanza magazini itolewe, kisha chemba itazamwe kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Ndipo nyundo ikokiwe na kifyatulio kivutwe bila magazini. Kisha iingizwe magazini tupu, kivutwe tena. Halafu ijaribiwe magazini tupu nyingine. Mikwaruzo ikitoweka kwa ile ya pili, kosa ni la magazini ya kwanza: isafishwe, ipakwe mafuta kidogo, au ibadilishwe.

Kwa maoni yetu, kifyatulio kizito hakina shari kubwa. Kinachotutia hofu ni kile chepesi mno. Katika bastola iliyotumika, wepesi usioelezeka huenda ukawa alama ya tupa ya mtu fulani. Kishikizo cha nyundo kikishapunguzwa, nyundo yaweza kuanguka yenyewe sehemu ya juu inapojifunga, au ikisukumwa tu kwa kidole gumba. Bastola ya namna hiyo iondolewe kazini siku hiyo hiyo. (Wenye Makarov wasishtuke bure: nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mzito na unaofuata ni mwepesi, nayo ndiyo kawaida yake.)

Tena lipo jambo la kipande kilichoondolewa. Katika chumba cha zamu, iwe Mbarara mjini au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, silaha hupita kutoka mkono hadi mkono. Askari aliyezoea kwamba Hi-Power bila magazini ni chuma kitupu huitoa magazini, husahau risasi iliyobaki chemba, na huvuta kifyatulio mbele ya mwenzake. Kipande kikiwapo, hakuna kitu. Kikiwa kimeondolewa na fundi wa mjini miaka kumi iliyopita, mtu anakufa. Na hata High Power mpya, ambayo FN ilianza kuitoa mwaka 2022, haina kipande hicho.

Mzee alimuuliza koplo swali moja tu: "Ulipoivuta bila magazini, nyundo ilianguka?"

Koplo alikuwa hajawahi kujaribu. Alilipa chai ya wote wawili, akapanda bodaboda kumwahi fundi wa silaha wa kikosi chake kabla ghala halijafungwa.