Baraza Lililonunua Maduka Ili Kuyabomoa

Katika mwaka wa 2019 Baraza la Stockton-on-Tees, huko kaskazini-mashariki ya Uingereza, lilinunua majengo mawili makubwa ya maduka yaliyo katikati ya mji. Jina la moja lilikuwa Castlegate, na la pili Wellington Square. Yote mawili yalikuwa yamepungukiwa na wapangaji. Baada ya kutafuta maoni ya wananchi, Baraza likatoa uamuzi uliowashangaza wengi: Wellington Square itunzwe na kujazwa wenye maduka, lakini Castlegate ibomolewe kabisa, na mahali pake pawe bustani ya watu wote.

Mtu aweza kuuliza, je, ni busara gani kutoa fedha za umma kununua nyumba, kisha kuivunja? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lataka kuelezwa kwa utaratibu. Ndani yake mna fundisho kwa kila baraza lenye dhamana ya soko, likiwa la Ulaya au la Afrika.

MJI WENYEWE

Stockton ni mji wa kale, uliojengwa kando ya mto uitwao Tees. Ulipata ruhusa ya kuwa na soko katika mwaka wa 1310 kutoka kwa Askofu wa Durham, ambaye siku zile alikuwa na mamlaka makubwa katika nchi ile. Barabara yake kuu ni pana sana, hata watu wa huko husema kwamba hakuna barabara ya maduka iliyo pana kama hiyo katika Uingereza nzima. Upana huo ulitokana na soko, kwa kuwa wauzaji walihitaji nafasi ya kuweka meza zao na kupitisha magari ya farasi.

Mji huu umewapa walimwengu mambo mawili makubwa. Tarehe 27 Septemba 1825 gari la moshi la njia ya reli ya Stockton na Darlington liliingia hapo likiwa limepakia makaa na abiria, na tangu siku hiyo safari za watu zikaanza kubadilika. Miaka miwili baadaye muuza dawa mmoja wa mjini, John Walker, aliandika katika daftari la duka lake kwamba ameuza viberiti vya kuwashwa kwa kusuguliwa. Kila mama awashaye moto asubuhi kwa njiti ya kiberiti anafaidi kazi ya duka lile dogo.

Katika miaka ya 1970 wakuu wa mji walitaka kwenda na wakati. Wakabomoa nyumba nyingi za zamani za upande wa mto, wakajenga Castlegate, jengo refu la zege lenye maduka mengi chini ya paa moja. Wakati ule lilihesabiwa kuwa ni maendeleo. Lakini lilikuwa na kasoro moja: liliupa mto mgongo. Nyuma yake ikapita barabara kubwa ya magari. Hivyo mtu aliyesimama katika barabara kuu ya mji uliozaliwa na mto hakuweza tena kuuona mto wenyewe.

MADUKA YALIVYOPATA TAABU

Taabu ya maduka ya Stockton haikuanza siku moja. Katika mwaka wa 1988 yalifunguliwa maduka mapya nje ya mji, katika uwanja uliokuwa wa mashindano ya farasi, mahali paitwapo Teesside Park. Huko mwenye motokaa huiegesha bure mbele ya mlango wa duka, akanunua, akarudi kwake. Katika mwaka wa 2001 Wellington Square nayo ikafunguliwa katikati ya mji. Basi mji mmoja ukawa na majengo mawili yenye kugombea wanunuzi walewale, na jirani yao wa nje akiwavuta wote wawili.

Kisha likaja jambo ambalo halikuudhi Stockton peke yake. Watu walianza kununua vitu kwa njia ya intaneti. Katika mwaka wa 2010 biashara ya namna hiyo haikufika hata sehemu moja kwa kumi ya mauzo yote ya rejareja ya Uingereza. Kufika mwaka wa 2019 ilikuwa karibu sehemu moja kwa tano, na mwanzoni mwa 2021, maduka yalipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ikapita thuluthi. Makampuni makubwa yaliyokuwa nguzo za miji yakaanguka moja baada ya moja: Woolworths likafunga maduka yake ya mwisho mwanzoni mwa 2009, BHS katika 2016, na Debenhams katika 2021. Marks & Spencer halikuanguka, lakini lilipunguza maduka, na lile la barabara kuu ya Stockton likafungwa mwaka wa 2018.

Duka kubwa likiondoka, dogo lililokuwa jirani nalo hupungukiwa na wapitaji. Likiondoka la pili, la tatu huanza kuomba kupunguziwa kodi. Madirisha yakisha kupigwa mbao, hata mwenye fedha mfukoni huona haya kupita hapo jioni.

KWA NINI MABARAZA YALINUNUA

Stockton halikuwa baraza la kwanza kununua, wala la mwisho. Tangu mwaka wa 2010 Serikali kuu ya Uingereza ilipunguza sana msaada wake kwa mabaraza, na kwa miaka saba au minane iliyofuata ulipungua karibu nusu, ukipimwa kwa thamani ya kweli ya fedha. Wakati huohuo mabaraza yaliweza kukopa kwa Serikali hiyo kwa riba ndogo. Wakubwa wengi wa mabaraza wakapiga hesabu hivi: tukikopa kwa riba ndogo, tukanunua jengo la maduka, kodi ya wapangaji italipa deni, na salio litasaidia wazee, watoto na barabara.

Hesabu hiyo ilipendeza machoni. Wakaguzi wakuu wa hesabu za Serikali walikadiria katika taarifa yao ya mwaka wa 2020 kwamba, katika miaka mitatu ya fedha iliyoishia 2019, mabaraza yalitumia kiasi cha pauni 6,600,000,000 kununua majumba ya biashara.

Lakini yafaa kufahamu jinsi thamani ya jengo la maduka inavyopatikana. Thamani hiyo haitokani na matofali, bali hutokana na kodi ambayo wapangaji wanaweza kulipa. Kodi ikishuka, thamani hushuka pamoja nayo. Chumba kikiwa kitupu, hasara ni mbili: kodi haiingii, na baada ya miezi mitatu mwenye nyumba kwa kawaida hudaiwa yeye mwenyewe ushuru wa biashara wa chumba hicho. Juu ya hayo, paa huvuja vilevile, taa hutaka umeme, na walinzi hutaka mishahara. Nalo deni halipungui kwa sababu jengo limepungua thamani. Aliyekopa pauni mia atalipa pauni mia na riba yake, hata kama kitu alichonunua sasa ni cha pauni thelathini.

WALIOJIKWAA

Mifano haiko mbali. Baraza la Surrey Heath, kusini ya Uingereza, lilinunua jengo la maduka la mji wa Camberley mwaka wa 2016 kwa bei ya kiasi cha pauni 86,000,000. Baraza la Shropshire lilinunua majengo matatu katika mji wa Shrewsbury mwezi wa Januari 2018 kwa kiasi cha pauni 51,000,000. Haikupita miaka mingi, thamani ya majengo hayo ikakadiriwa kuwa chini ya nusu ya bei iliyolipwa. Baraza la Croydon, katika London, lilinunua hoteli na maduka mwaka wa 2018. Kampuni iliyoendesha hoteli ikafilisika mwaka wa 2020, na mwezi wa Novemba mwaka huo Baraza, likielemewa na hilo pamoja na mambo mengine mengi ya uongozi mbaya wa fedha, likatangaza kwamba mapato yake hayawezi kutosheleza matumizi.

Maana ya tangazo kama hilo kwa raia wa kawaida ni nzito. Matumizi yote mapya yasiyo ya lazima kwa sheria husimamishwa. Maktaba hupunguza saa, misaada hukatwa, na kodi za nyumba huweza kupandishwa. Anayelipa ni yule mzee ambaye hakuulizwa jengo liliponunuliwa, na pengine hakuwahi kuingia ndani yake.

Katika mwezi huohuo wa Novemba 2020 Hazina ya Uingereza ilibadili kanuni za mikopo. Tangu hapo baraza lenye nia ya kununua mali kwa ajili ya faida tu halikuruhusiwa kukopa katika mfuko huo wa Serikali. Lakini mlango haukufungwa kwa baraza linalotaka kufufua mji wake. Hivyo kanuni yenyewe ikawa inauliza swali moja la msingi: mnanunua ili mpate nini?

HESABU YA STOCKTON

Hapo ndipo hatua ya Stockton inapoeleweka. Viongozi wake walikubali jambo gumu ambalo wengine walilikwepa, yaani kwamba maduka yaliyojengwa katika mji wao yalikuwa mengi kuliko haja ya watu. Hakuna rangi mpya wala taa mpya iwezayo kuponya ugonjwa huo. Mkulima mwenye mimea iliyosongamana hung'oa mingine ili iliyobaki ipate nguvu.

Kwa kuwa Baraza lilikuwa na majengo yote mawili mkononi, liliweza kufanya kazi ambayo wenye nyumba wawili wanaoshindana wasingeweza. Wapangaji wa Castlegate walipewa nafasi ya kuhamia Wellington Square na sehemu nyingine za barabara kuu. Serikali kuu, katika mwezi wa Desemba 2020, ilitoa msaada wa kiasi cha pauni 16,500,000 kwa kazi hiyo, kutoka mfuko wa kusaidia barabara za maduka. Castlegate likafungwa, na kazi ya kulibomoa ikaanza mwaka wa 2022.

Mpango wa Baraza ulikuwa kufanya bustani yenye ukubwa wa mara tatu ya uwanja mashuhuri wa Trafalgar Square wa London, na kuijengea daraja pana lenye majani na njia za miguu juu ya barabara kubwa ya magari, ili watu watembee toka sokoni hadi ukingo wa mto bila kuhatarisha maisha. Jambo hili linafaa mji ambao tangu mwaka wa 1988 umekuwa na sikukuu yake ya michezo ya nje, inayovuta wageni kutoka nchi mbalimbali.

Haifai kudhani kwamba kila shilingi ya Stockton ilitumika bila lawama. Jumba la michezo liitwalo Globe, ambamo kundi la Beatles liliimba mwaka wa 1963, lilifunguliwa tena na Baraza mwaka wa 2021, lakini gharama ya kulitengeneza ilipanda mara kadhaa kupita makadirio ya kwanza. Kadhalika, mwenye duka dogo anayeambiwa ahame hupoteza wateja aliowazoea, na bustani hailipi kodi mwisho wa mwezi. Faida yake yaja kwa njia ya kuzunguka: watu wakikaa mjini kwa muda mrefu, watanunua chai, watanyoa nywele, wataingia sokoni. Hesabu hiyo itathibitishwa kwa miaka mingi, na madiwani walioianza pengine hawatakuwa wamekaa katika viti vyao siku itakapofungwa.

MAMBO YA KUSHIKA

Katika nchi zetu pia baraza huweza kujenga soko zuri la mawe na mabati, lenye vibanda vilivyotiwa nambari, kisha likabaki tupu, huku akina mama wakiuza nyanya kando ya njia hatua mia tatu kutoka hapo. Sababu ni ileile. Wanunuzi hupita wapitapo, na jengo lisilofuata miguu ya watu halitafuatwa nayo.

Basi kabla ya diwani kuinua mkono kukubali ununuzi, yampasa ajue mambo manne. Kwanza, ni watu wangapi wapitao hapo kwa siku, na wanakwenda wapi. Pili, kama vyumba nusu vikikaa vitupu miaka mitano, deni litalipwa na nani. Tatu, kama muuzaji anauza kwa sababu amepata pahali pengine pa faida, au kwa sababu anakimbia hasara. Nne, kama kazi inayokusudiwa ni kupata fedha au kufufua mji, maana mara nyingi hayo mawili hayaendi njia moja, na asiyeamua mapema huenda akayakosa yote.

Kisha majibu hayo na yaandikwe wazi, yasomwe barazani mbele ya walipa kodi, na yatazamwe tena kila mwaka. Muuza dawa wa Stockton aliandika hata viberiti alivyouza, na kwa sababu hiyo kazi yake inajulikana mpaka leo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo mali ya baraza ni ya watu wote.